Louis Braille na Kibao Kilichopinduliwa

Mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii tumeisikia tangu tukiwa watoto, na mimi binafsi nimepata kuitia katika mashairi yangu zaidi ya mara moja. Lakini nilipokuwa Kisumu hivi karibuni, katika mji ule ulio kwenye ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, nilipatwa na jambo lililonifanya niione methali hiyo kuwa na upungufu. Nilitambua kuwa yuko mwenye macho anayestahili kuambiwa tazama, tena aambiwe mara mbili. Na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilikwenda Kisumu kumjulia hali rafiki yangu wa tangu chuoni. Sote wawili ni watu wa pwani, tulisoma alifu kwa mwalimu mmoja, na bakora iliyomchapa yeye ndiyo iliyonichapa mimi. Baadaye kazi ikampeleka bara, akafika Kisumu, akaoa na kuzaa huko, na leo anakizungumza Kijaluo kama mzaliwa. Miaka michache iliyopita alishikwa na presha ya macho. Matibabu yalichelewa, na nuru ikamtoka taratibu kama taa inayoishiwa mafuta. Kazini wakamstaafisha. Hakukaa kitako akalia. Alimtafuta mtu wa kumfundisha kusoma kwa vidole, maandishi yale ambayo wengine huyaita breli na wengine nukta nundu, naye akaanza upya alifu na bee akiwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Wiki moja kabla sijafika, rafiki yangu huyu alikwenda peke yake katika ofisi moja mjini kufuatilia pensheni yake. Mlangoni aliambiwa aende chumba namba 4. Akaingia ndani, akashika ukuta, na kwa furaha akakuta kwamba kando ya kila mlango pamebandikwa kibao chenye nukta. Alipopapasa cha kwanza, kidole kilimwambia namba 8, na baada yake herufi P. Akaona kuwa si hapo, akaendelea na ujia mpaka akafika kwenye kibao kilichomwambia namba 4, nacho kimefuatwa na P vilevile. Akadhani P ni alama ya jengo. Akakaa kwenye foleni ya mlango huo muda wa saa mbili. Zamu yake ilipofika aliambiwa kuwa hapo ni chumba namba 8. Alipoelekezwa chumba namba 4, karani anayehusika alikuwa ameshatoka, na ikabidi arejee nyumbani kwa nauli nyingine. Alinisimulia haya kwa sauti ya mtu aliyejilaumu. Alisema vidole vyake vimezeeka, na huenda elimu ile si ya umri wake.

Tulipokwenda pamoja safari ya pili, mimi nilikuwa nimemshika mkono. Niliviona vile vibao na nikawasifu wenye ofisi kwa kuwakumbuka wasioona. Namba 4 ilikuwa imeandikwa kwa wino, nayo nukta ziko chini yake katika kibandiko chao cha peke yake, safi, cha kung'aa. Nikamwambia rafiki yangu kuwa hapa ndipo, chumba namba 4. Akapapasa, akakana. Nikasisitiza. Tukaenda mpaka namba 8, akapapasa hapo pia, akanyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka watu wakageuka kututazama. Vibandiko vyote viwili vilikuwa vimebandikwa kichwa chini, miguu juu.

Ili msomaji aelewe kicheko chake, na afikirie kipande cha dhumna chenye sita: safu mbili zilizosimama, kila moja ina nukta tatu. Hicho ndicho kijumba cha maandishi ya wasioona, na kila herufi huandikwa kwa kuinua baadhi ya nukta hizo na kuziacha nyingine. Namba 4 ni nukta tatu: mbili za juu, na moja chini ya ile ya kulia. Namba 8 ni nukta tatu vilevile: mbili zilizosimama kushoto, na moja kulia, sambamba na ile ya chini. Pindua 4 kichwa chini, nayo huwa na umbo la 8. Pindua 8, nayo huwa na umbo la 4. Na ile alama inayotangulia kumjulisha msomaji kuwa kinachofuata ni namba, ikipinduliwa huangukia nyuma, nayo husomeka P. Msomaji mzoefu angelishuku mara moja, kwa kuwa nukta zimeshuka chini kuliko mahali pake. Rafiki yangu mwanafunzi hakushuku. Vidole vyake vilisoma sawasawa kabisa kile alichoandikiwa. Aliyekosea ni fundi mwenye macho yake mawili, na aliyesifu makosa hayo ni mimi mwenye macho yangu mawili.

Tangu siku hiyo niliona nina deni la kumjua vyema mtu aliyezibuni nukta hizi. Jina lake, Braille, tunalitamka kila siku katika neno breli bila kukumbuka kuwa lilikuwa jina la mtu. Nimesoma maisha yake, na haya ndiyo niliyoyapata.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mwendo wa kilomita 40 hivi mashariki ya Paris, huko Ufaransa. Alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Simon-René Braille na mkewe Monique. Baba alikuwa fundi wa ngozi, akitengeneza matandiko na hatamu za farasi, na karakana yake ilikuwa pale pale nyumbani. Mwaka 1812, mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu, aliingia karakanani akachukua msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akajaribu kumuigiza baba yake. Msharasi uliteleza ukamchoma jicho. Zamani hizo hapakuwa na dawa ya kuzuia usaha, na ubaya wa jicho moja ukahamia la pili. Alipotimia miaka mitano alikuwa haoni kitu.

Wazazi wake hawakumficha uani wala hawakumtoa akaombe. Baba alimchongea fimbo ya kutembelea. Padri wa kijiji, Jacques Palluy, alimfundisha, kisha akamwombea nafasi katika skuli ya kijiji akae pamoja na wenzake wanaoona. Mtoto alisoma kwa masikio tu, na mara nyingi aliwapita wenye macho. Lakini lipo jambo moja ambalo masikio hayawezi, nalo ni kurejea ukurasa wa jana. Kila jambo alilolisahau lilikuwa limepotea mpaka mtu mwingine amhurumie, amsomee tena.

Mwezi wa Februari 1819, akiwa na miaka kumi, alipelekwa Paris katika Taasisi ya Kifalme ya Vijana Wasioona. Skuli hiyo ilianzishwa na Valentin Haüy katika miaka ya 1780, nayo ina kisa chake. Mwaka 1771 Haüy aliwaona vipofu kadhaa katika maonyesho ya mtaani huko Paris, wamevishwa kofia za kipuuzi na miwani mikubwa isiyo na kazi, wakipigishwa ala ili watu wacheke. Alichukizwa, na baadaye akamchukua kijana mmoja kipofu, François Lesueur, aliyekuwa akiomba sadaka mlangoni pa kanisa, akaanza kumfundisha. Haüy alichapisha vitabu ambavyo herufi zake ziliinuka juu ya karatasi nzito, zile zile herufi za Kifaransa tunazoziona kwa macho, ila zilikuwa kubwa.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa kuwa msomaji wa kwetu huenda akadhani kwamba fikra hii ilianza Paris. Yapata miaka 700 iliyopita huko Baghdad aliishi mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali, Zainuddin al-Amidi, kipofu, naye alikuwa muuza vitabu. Habari zake zimo katika kitabu ambacho as-Safadi alikitunga kuhusu watu mashuhuri wasioona. Kila aliponunua kitabu, al-Amidi alisokota karatasi nyembamba, akaifanya umbo la herufi kwa hesabu ya abjadi kuonyesha bei, akaibandika ndani ya jalada na kuifunika kwa karatasi nyingine. Akisahau bei, alipapasa mahali pale akaijua. Hicho kilikuwa kibao cha kweli: kifupi, kimewekwa mahali pamoja pasipobadilika, na kimetengenezwa na yule yule atakayekisoma.

Vitabu vya Haüy vilikuwa na ila hapo hapo. Vilitengenezwa na wenye macho, kwa kufuata kile kinachopendeza macho. Kidole hakioni umbo zima kwa mara moja. Hulizunguka kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Msomaji alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amesahau mwanzo. Vitabu vyenyewe vilikuwa vizito na vichache, na hakuna mwanafunzi aliyeweza kuandika nyumbani kwao barua kwa herufi za namna hiyo.

Mnamo 1821 skuli ililetewa mbinu ya Charles Barbier, mtu aliyewahi kuwa askari wa mizinga. Yeye aliacha herufi, akatumia nukta zilizoinuliwa kwa kutoboa karatasi. Wanafunzi walizigusa wakazifahamu mara moja. Hata hivyo nukta zake zilikuwa hadi 12 katika kijumba kimoja, na kidole kilibidi kipande na kushuka ili kuzimaliza. Zaidi ya hayo, zilionyesha sauti tu: hapakuwa na tahajia, wala vituo, wala tarakimu.

Louis alikuwa na umri wa miaka 12. Kuanzia hapo, usiku wenzake wakilala na likizo akiwa Coupvray, alikaa na kibao chake na kalamu ya chuma, akitoboa na kupapasa. Tazama ajabu ya majaaliwa: chombo alichotumia kuwafungulia wasioona mlango wa kusoma kilikuwa ndugu wa ule msharasi uliompofua. Alipofika miaka 15, mwaka 1824, alikuwa amelipata jawabu. Alizikata nukta 12 zikawa 6, kwa sababu sita hukaa zote chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Herufi kumi za kwanza alizipanga katika nukta nne za juu. Kumi zinazofuata ni zile zile, zimeongezwa nukta moja chini kushoto. Zilizobaki zikaongezwa na ile ya kulia. Kwa sita hizo hupatikana michanganyiko 63, inayotosha herufi, vituo, tarakimu na hata noti za muziki. Kipimo chake chote kilikuwa ni kidole chake mwenyewe. Alichokiona kidole kuwa kizito alikitupa, hata kikipendeza vipi kwa wenye macho.

Mwaka 1829 alichapisha maelezo ya mfumo wake, na mwaka 1837 akatoa chapa ya pili iliyosahihishwa. Wakati huo alikuwa ameshakuwa mwalimu katika skuli ile ile, na pia mpigaji kinanda katika makanisa ya Paris. Waliomjua walimsifu kuwa ni mtu mpole, mwepesi wa kutoa, asiyependa kujitangaza.

Lakini wanafunzi kuupenda mfumo ni jambo moja, na wakubwa kuukubali ni jambo jingine. Mkuu wa skuli aliyemuunga mkono, Pignier, aliondolewa mwaka 1840, na mahali pake akakaa Dufau. Huyu aliona kuwa nukta zitawatenga vipofu na watu wengine, kwa kuwa wenye macho hawawezi kuzisoma. Akarudisha herufi zilizoinuliwa na kuzipiga marufuku nukta. Wanafunzi wakaziandika kwa siri, wakitumia sindano za kufumia na misumari, na wakubwa wakawafundisha wadogo. Katazo haliwezi kumsahaulisha mtu kusoma akishajua.

Hoja ya Dufau haikuwa ya kijinga, na Braille mwenyewe alikuwa ameshaifikiria. Mwaka 1839 alichapisha mbinu nyingine, ya kuandika kwa nukta nyingi zinazochora herufi za kawaida, ili kipofu aweze kumwandikia barua mama yake anayeona naye aisome bila mkalimani. Baadaye rafiki yake Foucault, asiyeona pia, alitengeneza mashine ya kuifanyia kazi hiyo. Kwa hiyo Braille hakutaka kuwajengea wasioona kisiwa. Alitaka kila mmoja asome kwa kiungo alichonacho, na katikati liwepo daraja.

Msaidizi wa Dufau, jina lake Guadet, ndiye aliyembadilisha bwana wake kwa kumwonyesha matokeo. Skuli ilipohamia jengo jipya, na sherehe ya kulifungua ikafanywa Februari 1844, mfumo wa nukta ulielezwa na kuonyeshwa mbele ya hadhara. Braille alikuwapo akasikia makofi, lakini afya yake ilikuwa imeshaharibika. Jengo la zamani lilikuwa na unyevu na hewa mbovu, na kifua kikuu kilimwanza akiwa kijana. Alifariki dunia tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Magazeti ya Paris hayakumtaja. Inasimuliwa kuwa aliacha kisanduku na wasia kwamba kichomwe bila kufunguliwa. Waliobaki walishindwa kujizuia, wakakuta ndani hati za madeni aliyowakopesha wanafunzi wake. Alitaka madeni yale yafe pamoja naye.

Miaka miwili baadaye, 1854, Ufaransa iliukubali rasmi mfumo wake. Mwaka 1878 mkutano wa mataifa uliokaa Paris ukaupendekeza juu ya mifumo mingine. Waingereza na Wamarekani walibishana mpaka 1932 ndipo wakaafikiana juu ya mfumo mmoja. Kwa upande wa Kiarabu na lugha nyingine za Asia na Afrika, UNESCO iliitisha mikutano Paris mwaka 1950 na Beirut mwaka 1951 ili kuondoa mvurugano wa nukta tofauti kwa herufi zile zile. Ndiyo maana leo alifu ya Kiarabu ni nukta moja kama ilivyo A yetu, na Kurani huchapwa kwa nukta hizo. Jambo litakalomshangaza aliyesoma chuoni ni kwamba Kiarabu cha nukta husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Na anayeandika kwa kibao na kalamu ya chuma, kwa kuwa hutoboa karatasi kwa nyuma, huanza kulia kwenda kushoto hata akiandika Kiswahili.

Mwaka 1952, miaka mia baada ya kufa kwake, mwili wa Braille ulihamishiwa Panthéon, jengo ambamo Ufaransa huwazika mashujaa wake. Watu wa Coupvray waliomba mikono ibaki kwao. Imo katika chombo juu ya kaburi lake la kijijini hadi leo.

Sasa tuurudie mji wa Kisumu. Mwambao wa Ziwa Viktoria umeujua upofu kwa muda mrefu. Huko Nyanza ya kusini, kwenye bonde la Kodera na kandokando ya mto Kuja, palikuwa na usubi ulioeneza upofu wa mtoni, mpaka ulipotokomezwa kwa DDT iliyomwagwa mitoni katika miaka ya 1940 na 1950. Nje kidogo ya mji wa Kisumu ipo skuli ya wasioona ya Kibos, kama ilivyo ya Likoni kwetu Mombasa na ile ya Thika, na watoto wake wanasoma kwa nukta sita za mtoto wa Coupvray. Watoto hao hukua, wakaingia mjini, wakaenda hospitali, benki na ofisi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma na kutumia breli. Sheria ya 2003, na ile mpya ya 2025, zimewataka wenye majengo watimize. Sheria ikishapita, kazi hubaki mikononi mwa fundi mwenye gundi na bisibisi, na hapo ndipo rafiki yangu alipopotezewa siku yake.

Niliuliza namna kazi hiyo inavyopaswa kufanywa, nikaona kuwa kila kanuni yake inatoka katika maisha ya Braille. Kwanza, kibao kibandikwe ukutani kando ya mlango, upande wa kitasa, wala si juu ya mlango wenyewe. Mlango hufunguka, na anayepapasa kibao kilichomo juu yake huweza kupigwa usoni na anayetoka. Pili, kikae pale mkono unapofika bila kuutafuta. Vipimo vya Marekani, vinavyotumiwa na wajenzi wengi, vinataka maandishi ya kugusa yawe baina ya sentimita 122 na 152 kutoka sakafuni. Katika majengo yetu nimeona nukta zimewekwa juu ya kizingiti, ambapo hata mwenye macho huhitaji ngazi. Nukta zilizo juu kiasi hicho ni pambo.

Tatu, vibao vyote vya jengo viwe mahali pamoja na kwa urefu mmoja, ili aliyekiona kimoja avijue vyote, kama al-Amidi alivyojua kila mara pa kupapasa. Nne, mbele yake pawe wazi. Ndoo ya takataka, kiti cha askari au chungu cha maua humzuia msomaji asikaribie. Tano, herufi za kawaida ziwepo pia, zimeinuka, kubwa, za rangi inayopingana na ya nyuma yake, zisizong'aa, na nukta ziwe chini yake. Wengi waliopofuka ukubwani hawazijui nukta lakini wanalikumbuka umbo la herufi, na kwa neno moja au namba moja, herufi za Haüy bado zina kazi. Wengine wanaona kidogo, na mng'ao wa kioo huwafutia kila kitu. Ni lile daraja alilolitaka Braille mwaka 1839.

Sita, nalo ndilo kubwa, kazi isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka imesomwa na mtu anayesoma kwa kidole. Akaguzi ya macho haitoshi. Nukta zilizopakwa rangi nzito zikafukiwa, nukta bapa zilizochapwa kama picha, nukta zilizofunikwa kwa kioo zisikwaruzwe, na nukta zilizopinduliwa, zote huonekana nzuri kwa mbali. Jengo lenye milango mia humalizwa kukaguliwa na msomaji mmoja kwa asubuhi moja. Na haya nayasema kwa ofisi za Kisumu, na kwa zetu za pwani, na kwa misikiti na madrasa tunazozijenga kwa michango. Sisi tunaosoma Sura ya Abasa tunajua ilishuka kwa sababu ya kipofu gani, na kwamba Ibn Umm Maktum hakuachwa nyuma ya mlango, bali alifanywa muadhini.

Siku ile karani wa chumba namba 4 alitupokea kwa adabu, na shughuli ya pensheni ilikwisha kwa robo saa. Tulimweleza habari ya vibao. Alishangaa kweli, akatushukuru, akaahidi kumwita fundi. Rafiki yangu alitoka akiwa mtu mwingine. Lile neno la kuwa vidole vyake vimezeeka sikulisikia tena.

Nimesharudi pwani. Juzi alinipigia simu kunipa habari kuwa amepita tena pale. Fundi alikuja kweli, akakigeuza kibao cha chumba namba 4, nacho sasa kinasomeka 4. Cha chumba namba 8 alikiacha kama kilivyokuwa, kichwa chini. Kwa hiyo leo katika ujia ule, kwa mwenye kusoma kwa kidole, vipo vyumba viwili vya namba 4, na hakuna hata kimoja cha namba 8. Rafiki yangu ameniambia kuwa wiki ijayo atakwenda tena, na safari hii atamshika fundi mkono yeye mwenyewe, wapite mlango kwa mlango.